Aliyekuja Kwenye Ua Lako Si Ndege Mvumaji

Wiki iliyopita nimeletewa video ya nne tangu mwaka huu uanze. Safari hii aliyeileta ni kijana wa Isanga, mtu mwangalifu na mwenye adabu, ambaye alisimama kando ya kichaka cha lantana nyuma ya nyumba ya wazazi wake, akarekodi kitu kidogo kilichokuwa kimetulia hewani mbele ya maua, kikinyonya ua moja na kuhamia jingine bila kutua hata mara moja. Chini ya video aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Nimempata ndege mvumaji hapa hapa Mbeya, na programu ya simu nayo imesema ndiye." Nilimjibu kwamba alichokipata ni nondo. Akanijibu kwamba nondo hutoka usiku. Jibu lake halikunikasirisha, lakini lilinichosha, kwa sababu ni lile lile nililopewa na watu watatu waliomtangulia, na kwa miaka ninayowatembeza watu Jumamosi asubuhi katika viwanja na kingo za vijito vya mji huu kuangalia maua, wadudu na ndege, hakuna kosa lililonirudia mara nyingi kuliko hili.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni fupi. Ndege wavumaji, yaani familia ya Trochilidae, wanaishi katika mabara mawili ya Amerika pekee, kuanzia Alaska hadi Tierra del Fuego. Wako zaidi ya spishi 350, na hakuna hata moja inayoishi Afrika. Anayejua mambo atanikumbusha kwamba mwaka 2004 yalitangazwa masalia ya ndege wa namna hiyo yaliyochimbwa Ujerumani, yenye umri wa miaka milioni 30 hivi, na atakuwa amesema kweli: ndege hawa waliwahi kuwepo upande wetu wa dunia. Lakini leo hawapo, na kichaka cha lantana cha Isanga hakiwezi kuwarudisha.

Watu wanaoniletea habari hii hawasemi uongo. Wameona kitu, na kitu hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko walivyokiangalia. Mara nyingi huwa ni mmoja kati ya viumbe wawili ambao hawana undugu wowote: nondo wa mchana, au chozi, ndege mdogo anayenyonya maua.

Nianze na nondo. Familia ya Sphingidae ina nondo wenye mwili mnene na mabawa membamba yenye nguvu, na ni kweli kwamba wengi wao hutoka magharibi na usiku. Wapo, hata hivyo, wanaofanya kazi juani saa sita mchana. Macroglossum trochilus ni wa kahawia, na mwisho wa tumbo lake kuna kishada cha magamba kinachofunguka na kufumba mfano wa mkia wa ndege. Ni mkia huo bandia unaowapoteza wengi. Waliompa jina la kisayansi waliuona mfanano huo huo, kwa maana Trochilus ni jina la jenasi ya ndege wavumaji. Cephonodes hylas ana mwili wa kijani kinachoelekea manjano na mabawa angavu kama kioo. Anapotoka katika bundo, yaani ganda analogeukia kiwavi kabla ya kuwa nondo, mabawa hayo huwa yamefunikwa na magamba kama ya nondo mwingine yeyote, lakini magamba hupukutika anaporuka mara ya kwanza. Viwavi wake hula majani ya mibuni, kwa hiyo mtu aliyekulia Mbozi huenda alikutana naye utotoni bila kujua kwamba kiwavi yule mwenye pembe nyuma ndiye baadaye angemdhania ndege.

Kumtambua si kazi ngumu. Tazama mbele ya kichwa. Kama kuna vipapasio viwili, umemaliza, kwa sababu hakuna ndege duniani mwenye vipapasio. Kisha tazama kinachoingia katika ua: mdomo wa ndege haukunjiki, lakini mrija wa nondo hujiviringa kama springi chini ya kichwa kila anapoondoka kwenye ua. Rekodi kwa mwendo wa polepole, kwani simu nyingi za sasa zina uwezo huo, na mrija utauona ukijikunja. Kijana wa Isanga alikuwa na ushahidi wote huo ndani ya video yake mwenyewe, lakini aliichezesha kwa kasi ya kawaida akaiachia programu iamue. Programu zile ninazitumia na ninaziheshimu, lakini hupendekeza jina kutokana na picha iliyopewa, na picha ya mwili mdogo wenye ukungu wa mabawa mbele ya ua haiipi njia ya kuhesabu miguu.

Sasa nifike kwa chozi, ambako ndiko ninakotaka kukaa, maana hapa hata watu waliosoma hukosea kwa kujiamini.

Chozi ni wa familia ya Nectariniidae, ndege wa Afrika, Asia na Australia, na wamo katika kundi kubwa moja na shomoro na mnana. Ndege mvumaji yuko karibu zaidi na teleka, wale weusi wenye mabawa kama mundu ambao huwaoni wakitua kwenye nyaya za umeme. Kwa hiyo kufanana kwa chozi na mvumaji hakutokani na ukoo. Kunatokana na kazi: wote wawili wanatafuta mbochi, yaani maji matamu ya maua, ndani ya maua marefu na membamba, na mafundi wawili wasiojuana, mmoja Mwanjelwa na mwingine nchi ya mbali, wataishia kuwa na randa zinazofanana kwa sababu ubao ni ubao.

Mtu akishaelewa hilo hunijia na kanuni aliyoipata mahali fulani: mvumaji huelea, chozi hutua, basi. Kanuni hii ndiyo inayonisumbua kuliko kosa lenyewe, kwa kuwa ni nusu ya kweli na imevaa mavazi ya kweli nzima. Chozi huelea. Nimemwona mara nyingi akielea mbele ya ua kwa sekunde chache, akipiga mabawa kwa nguvu, halafu akatua mahali pa karibu. Asichoweza ni kuifanya kazi hiyo siku nzima kwa urahisi. Bawa la mvumaji huzunguka begani kiasi cha kumbeba hewani linaposhuka na linapopanda, hata akaweza kurudi nyuma akiwa angani. Bawa la chozi halikuumbwa hivyo. Tofauti iko katika gharama ya kuelea, na gharama hiyo imeandikwa katika umbo la maua yenyewe.

Nenda mwezi wa sita kwenye kiwanja chochote cha Forest ya Zamani au Iganzo ambacho hakijafyekwa, utafute mmea wa Leonotis. Ni mrefu kuliko mtu, shina lake lina pembe nne ukilishika kwa vidole, na maua yake ya rangi ya machungwa yamejipanga katika maduara yanayolizunguka shina, duara moja juu ya jingine, yakiacha nafasi katikati. Chozi hutua juu ya duara la chini, au hulishika shina lenyewe, kisha huinua kichwa na kupeleka mdomo katika maua ya duara la juu. Stameni, yaani sehemu za ua zinazobeba chavua, zimefichwa chini ya mdomo wa juu wa ua, na kichwa kinapoingia chavua hubaki kwenye paji la uso. Nimewahi kukaa karibu saa nzima mbele ya mmea mmoja nikiwatazama chozi wenye mapaji ya manjano, nikajua kwamba hayo hayakuwa manyoya yao. Mmea umempa ndege mahali pa kukaa, naye akakaa. Maua mengi ya Marekani yanayotegemea ndege wavumaji yananing'inia hewani bila tawi la kushika karibu, kwa sababu mgeni wao hahitaji kiti.

Na ushahidi ninaoupenda zaidi ni huu. Nicotiana glauca, tumbaku mwitu yenye maua ya manjano ya mrija, ni mmea wa Amerika Kusini ambao kwao huchavushwa na ndege wavumaji. Ulipopelekwa Afrika Kusini na kuenea huko, chozi aina ya Nectarinia famosa walianza kuyatembelea maua yake, na kwa kuwa hayana mahali pazuri pa kutua, huyanyonya wakielea. Huyo ni chozi yule yule wa kijani king'aavyo tunayemwona ukipanda kuelekea Kitulo. Ukimpa ua la mvumaji, anafanya kazi ya mvumaji. Kwa hiyo ukiniuliza kama uliyemwona alikuwa akielea, swali langu litakuwa: alikuwa kwenye ua gani?

Katika mji wenyewe chozi ninaokutana nao zaidi ni wawili. Cinnyris venustus ana urefu wa sentimita 10 hivi, na dume lake lina kichwa na mgongo wa bluu na kijani, na tumbo la manjano. Nectarinia kilimensis ni mkubwa zaidi, dume lina rangi ya shaba na manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Mng'ao huo hautokani na rangi ya kawaida bali na jinsi nuru inavyorudishwa na vitabaka vidogo ndani ya manyoya, na ndiyo maana ndege aliyeonekana mweusi kivulini huwaka anapogeuka juani. Usiandike rangi kabla hajageuka. Kuhusu majike, nitasema wazi jambo ambalo vitabu vya picha hulipita haraka: jike la chozi, la kahawia na kijani kilichofifia, akiwa peke yake, mara nyingi simpi jina la spishi. Ninasubiri dume aje, na asipokuja ninaandika "chozi, jike" na kuendelea na safari.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni majina tu. Siyo. Anayeamini kwamba ana ndege mvumaji huiga anachokiona kwenye video za Marekani: hununua chombo chekundu, hutia maji ya sukari, kisha husubiri. Wakati huo huo huyafagia matandabui yote ya barazani na kupuliza dawa ya wadudu kwenye ua. Chozi hufunga kiota chake, kile kifuko kinachoning'inia kwenye kitawi, kwa nyuzi za buibui, na makinda yake huyalisha wadudu na buibui. Mtu huyo ameondoa nyumba na chakula cha watoto, akaweka sukari. Halafu ifikapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, Leonotis hufyekwa ikiwa imeanza tu kuchanua kwa sababu haikupandwa na mtu. Ninaunga mkono usafi, na ninajua nyoka hupenda majani marefu. Ninachoomba ni kwamba ukanda wa kando ya kijito uachwe hadi mbegu zikauke.

Kuna jambo ambalo bado linanitatiza. Lantana ilitoka Amerika, grevilea na mikaratusi ilitoka Australia, na kama mtu wa mimea ningependa kuona mimea ya hapa ikirudi katika nafasi zake. Lakini mwezi wa nane, Leonotis ikiwa imekauka na vumbi limetanda, ninawaona chozi katika maua ya grevilea kando ya barabara, na nondo kwenye lantana. Miaka kadhaa iliyopita nilishauri kichaka kimoja cha lantana king'olewe bila kupanda kitu mahali pake, kikang'olewa, na kwa msimu mzima uliofuata sikuona hata kipepeo pale. Tangu hapo huwa nashauri kupanda kwanza, kisha kung'oa.

Jana kijana wa Isanga aliniandikia tena. Alikuwa ameichezesha video yake polepole na ameuona mrija ukijikunja, na mabawa yalikuwa ya kioo. Aliambatanisha picha ya kiwavi wa kijani mwenye pembe nyuma, juu ya jani la mbuni ambao babu yake alileta kutoka Mbozi ukiwa mche, akauliza kama apulize dawa. Nilimuuliza viwavi ni wangapi. Akasema watatu. Nikamwambia awaache, na kila jioni anipigie picha moja.