Ruzuku ya mbolea Trans Nzoia: pesa zenyewe hupitia wapi?

Kila msimu wa kupanda unapokaribia, wakulima wa kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, huniuliza: pesa za ruzuku tutalipwa lini? Mimi ni mchumi wa kilimo, na jibu langu huwavunja moyo: hakuna atakayezipokea mkononi, kwa sababu zimo ndani ya bei. Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa ukiuzwa takriban shilingi 6,500 madukani uliteremshwa hadi 3,500 kwenye maghala ya serikali. Mwaka uliofuata bei ya ruzuku ikashushwa tena hadi 2,500. Pengo hilo hubebwa na Hazina ya Kitaifa.

Naelewa kwa nini serikali ilichagua njia hii. Pesa taslimu zingeweza kumalizikia kwenye karo, ilhali mbolea ikishanunuliwa huenda shambani. Ila ruzuku ya namna hii huandama ekari. Tuchukue bei za 2022 na mfuko mmoja wa kupandia kwa kila ekari ya mahindi: mwenye ekari moja aliokoa shilingi 3,000, mwenye ekari 20 akaokoa 60,000. Yule wa ekari moja alihitaji kwanza kuwa na 3,500 mfukoni, kisha nauli ya kufika ghala la NCPB, bodi ya kitaifa ya nafaka na mazao, kisha pesa za bodaboda ya kurudisha mzigo nyumbani. Akiambiwa arudi kesho, unafuu wake unazidi kuliwa na barabara. Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote kupeleka mbolea kwenye vyama vya ushirika vilivyo karibu na wakulima. Kwa mkulima mdogo, umbali nao ni bei.

Halafu kuna sajili. Wakulima waliandikishwa kupitia machifu na manaibu wao: kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba, mazao. Idadi ya mifuko hutokana na ekari zilizoandikwa. Huku kwetu watu wengi hukodi mashamba kwa msimu mmoja, kwa hivyo aliyelima ekari mbili mwaka jana huenda sasa analima tano, na sajili haijui. Mama anayelima shamba lililoandikishwa kwa jina na simu ya mumewe anayeishi mjini hana budi kusubiri ujumbe wa simu wa kuchukua mbolea upitie kwa mume huyo. Hapa ndipo ningetaka kaunti iweke nguvu zake: kuhakiki sajili kabla ya Machi, kijiji kwa kijiji.

Jambo la mwisho ni udongo. Mashamba mengi ya Bonde la Ufa Kaskazini yamekuwa na asidi, na DAP ikitumiwa mfululizo huiongeza. Kiwango cha pH, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, kikifika chini ya 5.5, fosforasi, kirutubisho kilicho ndani ya DAP, hunaswa na madini ya alumini na chuma, na mahindi hayaipati. Mkulima amenunua mbolea nafuu, Hazina imelipa pengo, na mmea umebaki na njaa. Shamba kama hilo linahitaji kwanza chokaa ya kupunguza asidi, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kwa hivyo ukiniuliza shilingi inayofuata ya ruzuku iende wapi, nitasema iende kwenye kupima udongo na kununua chokaa, ikianza na wenye ekari moja na mbili.