Tisha B'Av: Misiba Mingi, Tanga Moja

Siku ya Kiyahudi huanza magharibi. Jua linapozama kuingia Tisha B'Av, yaani tarehe tisa ya mwezi wa Kiyahudi wa Av, kati ya Julai na Agosti, taa za sinagogi hufifizwa na waumini huketi sakafuni au juu ya vigoda, kama wafiwa. Kitabu cha Maombolezo husomwa kwa sauti ya kilio. Watu hawasalimiani. Kwa saa 25 hivi hawali, hawanywi, hawaogi wala hawavai viatu vya ngozi. Hata kusoma Torati kumezuiwa kwa sababu huufurahisha moyo. Ayubu na sehemu za huzuni za Yeremia zinaruhusiwa.

Wanalilia Hekalu la Yerusalemu, lililoteketezwa na Wababeli wa Nebukadneza mwaka 586 KK, na lile la pili lililoangamizwa na Warumi chini ya jemadari Tito mwaka 70 BK.

Huulizwa mara nyingi: je, yote mawili yalitokea tarehe tisa? Kwa Hekalu la kwanza, Biblia haitaji tarehe hiyo. Wafalme wa Pili sura ya 25 inasema saba. Yeremia 52 inasema kumi. Marabi wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya Kiyahudi, waliiona tofauti hiyo wala hawakuificha. Walieleza kwamba adui aliingia tarehe saba, akatia moto tarehe tisa jioni ikikaribia, nao ukawaka kutwa nzima ya tarehe kumi. Rabi Yohanan alisema kwamba yeye angeuweka mfungo tarehe kumi, kwani ndipo sehemu kubwa ilipoungua. Wenzake walishika siku msiba ulipoanza. Naupenda sana mjadala huu: hapa watu wazima wanapima kwa makini ni saa ipi hasa ya kulia.

Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inaongeza kuanguka kwa Betar, ngome ya mwisho ya uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba dhidi ya Roma, mwaka 135 BK. Baadaye kumbukumbu ya Wayahudi kufukuzwa Hispania mwaka 1492 nayo ikaunganishwa na siku hii.

Mwaka 1096, wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliwaua Wayahudi wa Speyer, Worms na Mainz, Ujerumani. Ilikuwa Mei, miezi miwili na zaidi kabla ya Av. Hata hivyo, utenzi wa kuwalilia husomwa Tisha B'Av, na mtunzi anatoa sababu ndani yake: haifai kuongeza siku nyingine ya maombolezo, basi kilio chake anakileta leo.