Mérite civil haikubadilishwa jina, ilifutwa

"Shikamoo mzee. Nimebahatika kupata nishani ya Ufaransa, Ordre national du Mérite ya zamani, ile ya kabla hawajaibadilisha jina. Naomba unithaminie."

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma jikoni saa nne usiku, chai ikapoa. Si kosa lako. Aliyekuuzia huko mtandaoni kaandika hivyo hivyo, naye kanakili kwa mwenzake, na huyo mwenzake Mungu ndiye anayejua alikoota. Mwaka huu wewe ni wa tano, nami nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naliandika hapa mara moja. Wa sita nitamtumia kiungo, nimalizie chai yangu.

Ulichonacho wewe ni nishani nyingine, Mérite civil. Ilianzishwa 1957 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ufaransa, kwa ajili ya watumishi wa upande huo: watu wa ofisi za maprefe (wawakilishi wa serikali kuu mikoani), makarani wa utawala, wafanyakazi wa serikali za mitaa. Madaraja ni yale yale matatu ya siku zote, chevalier (la chini), officier (la kati), commandeur (la juu). Iliishi miaka sita tu. Tarehe 3 Desemba 1963, Rais Charles de Gaulle akatoa amri iliyounda Ordre national du Mérite, nishani moja ya taifa zima, na amri hiyo hiyo ikafuta nishani kumi na tatu za wizara pamoja na tatu zilizotoka makoloni. Mérite civil ilikuwa kwenye orodha ya waliofutwa.

Ilifutwa. Serikali ikifunga shule kumi na sita za vijijini na kujenga moja kubwa mjini, huwezi kusema shule ya kijijini kwenu "ilibadilishwa jina." Cheti chako cha kule kinabaki cha kule, hata kama jengo siku hizi ni ghala la mahindi.

Najua kinachowapoteza watu ni neno lenyewe, Mérite. Wanaliona kwenye hii na kwenye ile, basi wanaunganisha. Lakini hebu tazama waliozikwa siku ile: Mérite social ya 1936, Mérite commercial ya 1939, Mérite artisanal ya 1948, Mérite touristique ya 1949, Mérite postal ya 1953, Mérite sportif ya 1956, na wengine. Ndiyo, touristique: utalii nao ulikuwa na nishani yake. Kama Mérite civil ndiyo iliyogeuka Ordre national du Mérite, basi na ya posta iligeuka, na ya michezo, na ya watalii, na wote kumi na sita ni baba wa mtoto mmoja. Mahakama gani itaamua hiyo kesi?

Na wala huhitaji kuniamini mimi. Chukua nyota ya Ordre national du Mérite, ile ya enameli ya buluu iliyochorwa na msanii Max Leognany. Mbele kuna kichwa cha mwanamke, ndiye Jamhuri. Igeuze. Kuna bendera mbili, na kuzunguka bendera kuna jina la nishani na tarehe: 3 Desemba 1963. Siku yake ya kuzaliwa imeandikwa mgongoni. Ingetaka kudai ukoo wa 1957 isingejichora hivyo.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, maana hilo la jina ni dogo. Kubwa ni watu. Wengi wanadhani siku nishani ilipofutwa, wenye nayo ama walivuliwa, ama walihamishwa wote kwa pamoja, kama wateja wa benki iliyonunuliwa na benki nyingine. Hapana na hapana. Kilichokoma ni uteuzi mpya. Aliyekuwa chevalier wa Mérite civil mwaka 1962 aliendelea kuwa chevalier wa Mérite civil, akivaa utepe wake kihalali mpaka anaingia kaburini. Kuingia Ordre national du Mérite kulihitaji uteuzi mwingine, kwa jina lake, kwa amri nyingine. Wapo waliopata zote mbili, nao walivaa zote mbili. Wengine walibaki na ya kwanza tu, tena hawakupungukiwa na kitu.

Miezi michache iliyopita alikuja mezani kwangu hapa Marseille mama mmoja wa miaka sabini na kitu, binti wa karani wa prefe. Akafungua mkoba, akatoa kikasha cha baba yake. Ndani, Mérite civil, utepe umefifia upande mmoja tu, upande uliokuwa unaelekea dirishani. Kisha akatoa kifurushi kingine: nyota ya buluu, mpya, inang'aa, risiti bado imo. Kuna mtu alimwambia nishani ya baba "haitumiki tena," kwa hiyo ainunue inayotumika, aiweke kwenye fremu na picha ya marehemu. Na ile ya zamani? Alitaka kuniuzia mimi.

Nilimwambia, Madame, hiyo ya buluu baba yako hakuipata. Ukiiweka kwenye fremu unamsingizia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hii mbovu ndiyo yake." Ndiyo, hii mbovu ndiyo yake. Aliirudisha ndani ya kikasha taratibu, tena safari hii akakifuta vumbi kwanza. Nilikosa biashara, lakini nililala vizuri.

Angalia pia kwamba yule mama aliweza kununua nyota ya buluu bila kuulizwa swali. Hapa wengi hushangaa: Ufaransa, anayeteuliwa kwa kawaida hujinunulia mwenyewe nishani yake, au wenzake kazini wanamchangia. Serikali inampa uteuzi na cheti. Chuma ni shauri la mtu na sonara. Ndiyo maana utaona vipande viwili vya nishani moja, daraja moja, kimoja enameli yake laini kama yai, kingine kimepakwa kama mlango wa baa. Mmoja alichangiwa na ofisi nzima, mwingine alijitutumua kwa mshahara wake. Kwa hiyo kuwa na chuma hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni karatasi. Kuvaa hadharani usichopewa, sheria yao ya jinai inakutishia kifungo cha mwaka mmoja na faini ya yuro 15,000. Nishani hairithiwi. Familia inarithi chuma tu.

Hili nalirudia sana kwa ndugu zetu Wakomoro, ambao Marseille ni mji wao pia. Zile nishani tatu za makoloni zilizofutwa 1963, moja ilikuwa Nyota ya Anjouan, yaani Nzwani, iliyoanza kwa masultani wa kisiwa hicho kabla Wafaransa hawajaifanya yao. Kijana analeta nyota ya babu yenye maandishi ya Kiarabu, anataka kuivaa kwenye harusi kubwa. Namwambia iweke juu ya kimto cha kitambaa, itembezwe, isomwe dua, watu waitazame washibe. Kifuani mwako, hapana. Hukunja uso, kisha huniuliza kama babu alikuwa na Légion d'honneur, nishani kubwa kuliko zote za Ufaransa. Tunaanza upya.

Nyingine katika hizo tatu ilitoka pwani ya Djibouti, ikiitwa Nichan el Anouar. Isome kwa sauti. Nichan ndiyo nishani yetu hii hii, na anwar ni nuru kwa wingi. Nishani ya Nuru! Neno tunalo, ila kwetu limebebeshwa mizigo mingi: chuma ni nishani, heshima ni nishani, na ule mfumo mzima wenye madaraja nao ni nishani. Wafaransa wana neno kwa kila kimoja. Nashuku nusu ya mkanganyiko wa wasomaji wangu unatoka hapo: wakisikia "nishani ilifutwa" wanaona chuma kinayeyushwa.

Nikague na upande wangu, maana nami si msafi. Vitabu vya fani yetu huandika "Mérite civil, 1957–1963" chini ya picha, na sisi wathamini tunaikariri kama aya. Hiyo ni miaka ya nishani, si ya chuma kilichopo pichani. Wenye haki ya kuvaa walibaki hai kwa miongo, na watu hupoteza vitu, huvunja enameli, huibiwa. Sonara akiletewa oda na mtu mwenye cheti, kwa nini akatae? Naweka lenzi kwenye pete ya juu, natafuta muhuri unaothibitisha madini ya fedha, kile kichwa kidogo cha nguruwe mwitu cha Paris au yule kaa wa mikoani. Nikivipata nina pa kuanzia. Nisipovipata, kipande cha 1959 na cha 1970 vinanitazama kwa uso mmoja, na bei ninayokuandikia ina bahati nasibu ndani yake kuliko tunavyokiri mbele ya wateja.

Shaka ya pili ni ya moyoni. De Gaulle alikuwa na hoja. Kila wizara ilishajitengenezea utepe, na Légion d'honneur yenyewe ilikuwa imefurika mpaka kanuni za 1962 zikaiwekea kikomo cha watu 125,000 walio hai. Lakini karani wa mji mdogo alikuwa na nishani ya watu wa kazi yake, inayotolewa na wizara inayojua kazi yake ni nini. Baada ya 1963 alipanga foleni moja na majenerali na maprofesa. Walimu walibakiziwa Palmes académiques, wakulima wakabaki na Mérite agricole ya 1883, ambayo Wafaransa huiita liki, ile mboga jamii ya kitunguu, kwa kijani chake, mabaharia na wasanii nao hawakuguswa. Nishani ya wasanii, Arts et Lettres, ilizaliwa 1957, mwaka mmoja na Mérite civil, na ipo mpaka leo. Kila nikifungua droo nabadilisha mawazo kama ilikuwa haki.

Haya, mwanangu wa Dar. Kama ulilipa bei ya Ordre national du Mérite, muuzaji kajipunja mwenyewe. Ile ya buluu imetolewa tangu 1963 na bado inatolewa. Hii yako ilitolewa miaka sita tu, na sokoni haionekani kila siku. Nitumie picha ya upande wa nyuma na ya pete ya juu, kwa mwanga wa dirishani, bila flashi. Usiisugue na dawa ya meno, nakuomba. Na inua ile mahameli ya ndani ya kikasha: mara nyingi cheti hukunjwa mara nne kikawekwa chini yake.