Elimu ya uzoefu: ziara inafundisha lini?

Elimu ya uzoefu ni ile anayoipata mtu kwa kukutana na jambo lenyewe, kulitafakari, kisha kulifanyia kazi. Kipande cha kwanza tunakijua: tembea uone. Kinachoachwa ni kutafakari, na bila hicho ziara ya wanafunzi inabaki matembezi.

Mwaka 1984 msomi wa Marekani, David Kolb, aliieleza elimu hii kama mzunguko wa hatua 4. Mtu hupitia jambo, hulitafakari, huchota humo kanuni, kisha huijaribu kanuni hiyo. Jaribio nalo huwa jambo jipya la kutafakari.

Tuseme wanafunzi wa sekondari wanatoka Dodoma mjini kwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro inastahili safari. Lakini basi likisimama penye korongo, napo pana somo, pengine kubwa zaidi. Mwanafunzi anashuka hadi chini, kingo zinampita kimo, na juu yake mizizi ya mti inaning'inia kwa kuwa udongo wake umechukuliwa na maji. Maana ya mmomonyoko alishaiandika daftarini zamani. Leo anauliza: udongo wote huu umekwenda wapi?

Mwalimu asikimbilie kumjibu. Awaache waangalie mteremko ulio wazi na mchanga uliojaa mtoni, wakumbuke kwamba mvua za huku ni za msimu mmoja na zinaikuta ardhi kavu, haina majani. Wakipata mzee wa kijiji, wamuulize kuhusu HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 katika eneo la Kondoa lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi. Wafugaji nao walilazimika kutafuta malisho kwingine.

Hapo ndipo ninapoona kijana anakua. Kwenye mtihani huandika "ufugaji holela" akapewa alama yake. Akishasikia habari za familia iliyoswaga ng'ombe wake kuhama, ataendelea kuamini kwamba ardhi ilihitaji kupumzishwa, ila hatakuwa mwepesi wa kulaumu. Kitabu peke yake hufika hapo kwa shida sana.

Kanuni wanayotoka nayo ni fupi: maji yakipunguzwa kasi, udongo hubaki. Kuijaribu hakuhitaji nauli. Wachimbe matuta ya kukinga maji nyuma ya madarasa, yakikata mteremko, wangoje mvua za Desemba. Tuta likibomoka, wakae chini wajue lilianzia wapi kubomoka na kwa nini.

Kwa hiyo anayepanga ratiba ya ziara apunguze vituo. Vituo vinne kwa siku moja huzaa picha nyingi na ripoti zilizonakiliwa kutoka kwenye mabango. Viwili vinatosha, na saa nzima ya kuzungumza kivulini kabla ya kupanda basi.