Gadenia imekuwa njano? Angalia kwanza ni majani yapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu gadenia, kile kichaka cha maua meupe yanayonukia, ni hili la majani kuwa njano, na nikimuuliza mtu umeshafanya nini ananiambia ameweka mbolea, akaongeza maji, afu akaweka mbolea tena. Sasa ngoja kwanza. Kabla hujamwaga kitu chochote shika jani uliangalie, ni jipya la kwenye ncha ya tawi au ni lile kongwe la ndani karibu na shina? Maana hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa.

Kama ni jipya, limekuwa njano ila mishipa yake imebaki kijani, ukiliinua juani unaona kama wavu, hapo mmea unakosa madini ya chuma. Na mara nyingi chuma kwenye udongo kipo tele tu, tatizo ni pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi. Gadenia inataka udongo wenye asidi, pH 5 mpaka 6 hivi, ikipanda ikakaribia 7 chuma kinajifunga kwenye udongo na mizizi haikipati hata umwage mbolea kiasi gani. Ndo maana ile iliyopandwa kando ya ukuta wa simenti inasumbua miaka nenda rudi, chokaa inashuka kidogokidogo kwenye udongo, na maji ya bomba yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yanafanya hivohivo, hasa kwenye chungu. Kinga maji ya mvua kama unaweza.

Kushusha pH mi natumia salfa ya unga, ila haina haraka, inageuzwa kuwa asidi na bakteria wa kwenye udongo kwa hiyo ni suala la miezi. Wakati unasubiri weka chuma cha dukani kile kilichotengenezwa kisijifunge, na usome lebo: kama pH yako iko juu tafuta kilichoandikwa EDDHA, cha EDTA kikishavuka 6.5 hivi kinaishiwa nguvu. Siki inashusha kwa muda mfupi tu afu udongo unarudi palepale. Na mashapo ya kahawa jamani, yakishachemshwa asidi nyingi imeshatoka, yaweke kwenye mboji huko.

Majani makongwe ni habari nyingine. Mmea kuwa kijani mwaka mzima sio kwamba jani linaishi milele, machache ya ndani yakigeuka njano na kudondoka wakati mapya yanachipua, achana nayo. Yakiwa njano katikati ya mishipa huku chini karibu na kikonyo pamebaki kijani, huo ni upungufu wa magnesiamu, chumvi ya Epsom (ina magnesiamu) kidogo inatosha. Ila yakigeuka yote kwa pamoja, mapya kwa makongwe, chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta tope ujue mizizi inakosa hewa, na hapo we ndo umemaliza mmea kwa maji.

Kupogoa: mara tu maua yanapoisha, usichelewe, maana matumba ya msimu ujao yanajitengeneza kwenye matawi mapya na ukikata baadaye umekata maua. Matumba yanataka usiku wenye ubaridi kidogo, nyuzi 15 mpaka 18 hivi. Yakishatokea usihamishehamishe chungu wala usiache udongo ukauke, yatapukutika yote. Na usilimelime chini yake, mizizi iko juujuu, weka matandazo tu basi.

Ukisharekebisha yote hayo na bado mmea umedumaa, fukua mzizi mmoja mwembamba. Ukiwa na vinundu ni minyoo fundo, minyoo midogo sana ya kwenye udongo inayoingia kwenye mizizi, gadenia inashambuliwa sana nao, na hapo salfa haikusaidii tena. Ng'oa, na ukipanda upya tafuta mche uliounganishwa kwenye shina la Gardenia thunbergia, aina nyingine ya gadenia, hiyo inawavumilia minyoo hao.