Mtumiaji akisema "nzuri tu", bado hujajua kitu

Kila nikikaa na vijana wanaotengeneza apu nasikia yale yale, eti ukitaka kujua mtu anafikiria nini akiwa kwenye simu si unamuuliza tu. Hapana bana. Mwaka 1977 wanasaikolojia Nisbett na Wilson walieleza jaribio la jozi 4 za soksi ndefu za nailoni, zimepangwa mstari, watu wachague iliyo bora. Zote zilikuwa sawasawa hakuna tofauti hata chembe, ila ya mwisho kulia ilichaguliwa na 40% na ya mwanzo kushoto 12% tu. Ukiwauliza sababu wanakupa za ubora wa soksi yenyewe, na walipoulizwa kama ile kukaa upande wa kulia imewavuta wakakataa, wengine wakamwangalia muulizaji kama kachanganyikiwa vile.

Na sio kwamba walidanganya, sababu waliipata baada ya kuchagua na wenyewe wakaiamini. Sasa changanya na adabu zetu. Umemwalika mama wa watu, umempa soda, unamuuliza "mama hii apu unaionaje", unategemea aseme mbaya? Atakwambia "nzuri tu mwanangu", na dakika mbili zilizopita alikuwa amekwama hajui abonyeze wapi.

Ndio maana kuna njia ya kumwacha mtu afikirie kwa sauti, anafanya kazi yake huku anataja kinachompitia kichwani. Hapa napo watu wanaharibu, wanaigeuza mahojiano. Watafiti Ericsson na Simon walishafafanua hili tangu 1980, mtu akitaja tu kilichopo akilini muda ule fikra zake haziyumbi sana, ila ukimuuliza "kwanini umebonyeza hapo" unamlazimisha atafute maelezo na hapo mmesharudi kwenye soksi. Akinyamaza mwambie "endelea kuongea", basi. Na usimpime spidi hapo hapo, maana kuongea kunamchelewesha.

Halafu ile ya "watu 5 wanatosha" kuijaribu apu. Imetoka kwenye hesabu ya watafiti Nielsen na Landauer ya 1993, kwamba mtu mmoja kwa wastani anafichua 31% ya matatizo ya kitu kinachojaribiwa kwahiyo 5 wanafika kama 85%. Ni wastani jamani! Mtafiti Faulkner mwaka 2003 alichukua data za watu 60 akawa anachomoa makundi ya watano watano, kuna kundi lilipata 99% ya matatizo na kuna lililoambulia 55%. Wewe utajuaje umeangukia lipi? Mimi nasema 5 ni wa kusaka kasoro urekebishe kisha upime tena, sio wa kutangaza kwamba apu A inaishinda B.

Na ile sheria wanayoirudia kwamba menyu isizidi vitu 7, eti kichwa hakibebi zaidi? Mwanasaikolojia Miller 1956 alikuwa anazungumzia kukumbuka, menyu iko mbele ya macho yako unakumbuka nini sasa.

Ila dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba vifaa vipya lazima viharakishe kazi, kisa vina batani chache na skrini kali. Kampuni ya simu ya NYNEX kule Marekani ilitaka kuwabadilishia mashine maopereta wake, wale wanaopokea na kuhudumia wapiga simu, na kwao sekunde moja kwa kila simu ilikuwa kama dola milioni 3 kwa mwaka. Watafiti Gray, John na Atwood wakachora kila tendo la opereta, anasikiliza, anaongea, anabonyeza, lipi linaenda sambamba na lipi, wakapiga hesabu wakasema hii mpya itachelewesha. Wakaijaribu kwa maopereta halisi wakiwa kazini, ikawa taratibu zaidi kwa kama 4%. Kumbe mibonyezo iliyoondolewa ilikuwa ya mwanzoni, muda ambao opereta anabonyeza huku mazungumzo yanaendelea, yaani haikuwa inakula muda wa ziada, na ule ulioongezwa ukaangukia mwishoni, ambapo simu haiwezi kuisha mpaka abonyeze.