Mkopo wa Nyumba kwa Wanajeshi wa Zamani wa Marekani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani, yaani VA, humkabidhi mwanajeshi wa zamani fedha za kununua nyumba. Ukweli ni kwamba, tangu sheria ya mwaka 1944 iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt, kwa kawaida fedha hutoka benki au kwa mkopeshaji mwingine binafsi, na kazi ya Idara ni kudhamini sehemu ya deni. Dhamana hiyo ndiyo inayomwezesha mnunuzi kupata nyumba bila kianzio, yaani malipo ya awali kutoka mfukoni mwake, na bila bima ya mkopo ya kila mwezi. Hata hivyo, haimlazimishi mkopeshaji kukubali kila ombi, kwa kuwa kipato na historia ya madeni bado huchunguzwa.

Wengine huamini kwamba mkopo huu hauna gharama. Ipo ada inayolipwa kila mkopo unapochukuliwa: asilimia 2.15 kwa anayeutumia mara ya kwanza bila kianzio, na asilimia 3.3 kwa anayerudi tena bila kianzio, kwa hiyo mkopo wa dola 300,000 huongezewa dola 6,450 au 9,900. Hapa ndipo wengi wanapopaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu anayepokea fidia ya VA kwa ulemavu uliotokana na utumishi hasamehewi nusu, husamehewa ada yote. Ikiwa fidia itaidhinishwa baadaye, lakini tarehe ya kuanza kwake ikatangulia siku ya kukamilisha mkopo, anaweza kudai arudishiwe alichotoa. Ni haki yake, naye aidai bila kusita.

Si kweli pia kwamba haki ya kupata mkopo huu hutumika mara moja tu maishani. Nyumba ikiuzwa na deni likalipwa, haki hurejeshwa kwa maombi. Vilevile, tangu tarehe 1 Januari 2020, mwenye haki kamili, yaani ambaye hajaitumia au amerejeshewa yote, hawekewi na Idara kikomo cha kiasi cha mkopo.

Kwa Waafrika Mashariki waliolitumikia jeshi la Marekani, kuna dhana mbili za kusahihisha. Kwanza, haki hii haitokani na uraia bali na utumishi, yaani muda aliotumikia mtu na namna alivyoachishwa jeshi, na huthibitishwa kwa hati ya ustahiki inayotolewa na VA. Mjane au mgane wa aliyefariki akiwa kazini, au kutokana na ulemavu wa utumishi, anaweza kustahiki pia. Pili, mkopo huu haujengi nyumba Nairobi wala Dar es Salaam: ni lazima nyumba iwe Marekani au katika maeneo yaliyo chini yake, na mkopaji akusudie kuishi humo, kwa kawaida ndani ya siku 60. Anaruhusiwa, hata hivyo, kununua jengo lenye hadi makazi manne, akakaa katika moja na kupangisha yaliyobaki.